Kiti Namba Kumi na Saba

"Bi Marlys, kwa nini wewe huingii kwenye gwaride kama watu wengine?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, nimesimama kwenye ngazi ya basi la shule, mlango uko wazi na vumbi linaingia kama abiria. Bi Marlys Hruska, dereva wetu, aliniangalia kupitia kile kioo chake kirefu cha juu, kioo ambacho hakuna mtoto aliyewahi kumfinya mwenzake bila kuonekana ndani yake.

"Shuka, Pavlik," akasema. Wote alituita kwa majina ya baba zetu. "Mama yako anasubiri."

Mama hakuwa anasubiri. Mama alikuwa zizini, ananyonyesha ndama kwa chupa, na sidhani kama alikumbuka siku hiyo kuwa ana mtoto shuleni. Lakini Bi Marlys akisema shuka, unashuka.

Mimi ni mtu wa maswali. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza aliandika kwenye ripoti kwamba Darcy ana udadisi mwingi. Baba akaisoma mara mbili, akasema mwalimu huyo ana adabu sana. Kwa hiyo niliponyimwa jibu nilijitafutia mwenyewe. Kwanza niliamini kwamba Bi Marlys anatafutwa na polisi na hataki kuonekana hadharani. Wazo hilo lilikufa nilipokumbuka kwamba anaendesha basi la njano lenye taa nyekundu kila siku. Baadaye nikaamini ana mguu wa mbao. Ili kupata uhakika nikaupiga teke kidogo alipokuwa anakagua tairi. Mguu ulikuwa wa kweli, na wiki mbili za kufagia basi nazo zilikuwa za kweli.

Swali langu halikuwa la kijinga, ingawa mimi huenda nilikuwa. Bartlow ina barabara moja ya lami, na kibao cha kuingilia mjini kinasema watu sitini na nne, kwa sababu hatujapata moyo wa kuwatoa waliokufa. Siku ya Uhuru wa Marekani, Julai nne, saa nne asubuhi, mji mzima unaingia kwenye gwaride. Nikisema mji mzima sitii chumvi. Mwaka mmoja mtoto wa wiki tatu wa akina Stukel alipita ndani ya ndoo ya kukamulia, imefungwa utepe. Wagonjwa wanapakiwa kwenye pikapu. Hata jamaa waliokuja kutembea kutoka mbali wanapewa bendera na kusukumwa kwenye foleni kabla hawajashusha mizigo. Matokeo yake, pembeni mwa barabara hakuna mtu aliyebaki wa kuangalia.

Isipokuwa Bi Marlys.

Yeye alikaa mbele ya benki iliyofungwa kabla sijazaliwa, kwenye kiti cha chuma cha kukunja, kilichotoka kwenye shule yetu iliyofungwa pia. Mgongoni mwa kiti kuna namba 17 iliyopigwa rangi. Tulipita mbele yake, tukaenda mpaka mnara wa kuhifadhia nafaka, tukauzunguka kwa nyuma, tukarudi, ili atuone na upande wa pili. Gwaride la mji mzima, na mtazamaji mmoja.

Halafu kuna peremende. Desturi ni kwamba walio kwenye gwaride wanawarushia peremende watoto walio pembeni. Kwetu hakuna watoto pembeni, wote wako ndani wanarusha. Kwa hiyo peremende zote za Bartlow, ndoo kwa ndoo, zilirushwa kwa mama mmoja mwenye miaka sabini na kitu. Bi Marlys alivaa kofia ngumu ya kazini ya marehemu mumewe, Emil, akafungua mwavuli na kuugeuza juu chini, akatupokea. Hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Kila aliyepita alipata la kwake.

"Leland, huyo farasi anakuchukia, na mimi simlaumu."

"Pavlik mkubwa, tairi lako la nyuma linavuja. Acha kunipungia mkono, angalia tairi."

Na mimi, toka nipewe tarumbeta: "Pavlik mdogo, hicho chombo kimekukosea nini?"

Shule zikifunguliwa, kila Ijumaa alimpa kila mtoto peremende moja wakati wa kushuka. Niliona ni mkarimu kupita kiasi. Nilikuwa darasa la nne nilipogundua, mwezi wa Februari, kwamba peremende niliyokuwa nataka kula ni ile niliyoirusha mwenyewe Julai. Niliitambua kwa karatasi yake. Ilikuwa na alama ya meno yangu.

Majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na mitano, Bi Marlys alikwenda kwa daktari wa macho, mwendo wa saa mbili kwa gari. Daktari akamwambia kwamba katikati ya macho yake kunakufa. Pembeni kutabaki, katikati kutakwenda, na hakuna dawa ya kuzuia. Habari ilifika Bartlow kabla yake, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na gari. Wiki hiyohiyo alitundika funguo za basi kwenye msumari wake, baada ya miaka thelathini na mitatu, akaenda nyumbani kwa miguu. Daktari alikuwa amemwambia pia kwamba kufika mwaka unaofuata hatatambua sura ya mtu.

Kwa hesabu hiyo, gwaride la Julai ile lingekuwa la mwisho kwake kuliona. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema. Kwetu, jambo likiwa zito tunazungumzia mvua.

Hapo ndipo mimi nilipoamua kusaidia. Wanaonijua wakisikia nimeamua kusaidia, wanakwenda kufunga mifugo.

Mwalimu wa uraia alikuwa ametupa kazi ya muhula: fanya jambo moja litakaloboresha jamii yako. Wenzangu walipanda miti. Mimi nikaiendea kamati ya gwaride. Haikuwa safari ndefu, maana kamati inakutana jikoni kwetu. Wajumbe ni watatu. Leland Stukel, jirani yetu, ni mwenyekiti, alipata cheo hicho siku alipouliza, "Hivi mwenyekiti wetu ni nani?" Wa pili ni mama yangu. Wa tatu ni Mzee Clarence Bauer, wakati huo ana miaka themanini na minne, ambaye anahudhuria kila kikao na kulala kila kikao.

Nilikuwa nimeandika hotuba. Bado ninayo, na siwezi kuisoma bila kujifunika uso kwa mto. Nilisema kwamba Bi Marlys amekaa pembeni kwa miaka ishirini na sita kama mtu aliyesahauliwa. Nikasema kwamba huu ni mwaka wake wa mwisho wa kuona. Kwa hiyo, nikasema, huku nikipiga meza ya mama yangu mwenyewe, mwaka huu asikae pembeni. Apande mbele, aongoze gwaride.

Leland akageuza kikombe chake.

"Itakuwa tofauti," akasema.

"Tofauti kweli," akasema mama.

Ngoja niseme jambo ambalo mtoto yeyote wa Bartlow analijua kabla hajaota meno. Kwetu hakuna mtu anayesema hapana. Ukimpikia mtu chakula akaonja, akaweka kijiko chini, akasema, "Hiki ni tofauti," usikipike tena maisha yako yote. Mimi nimezaliwa hapa. Nimewahi kusema neno hilo mwenyewe, kuhusu jeli ya kijani ya shangazi, ile yenye karoti ndani. Lakini siku hiyo nilisikia nilichotaka kusikia. Nikaandika kwenye daftari la shule: Kamati imefurahi.

Mzee Clarence akaamka. "Naunga mkono," akasema, akalala tena.

Unaweza kujiuliza kama hakuna hata mmoja aliyewaza: huyu akipanda mbele, nani atakaa pembeni kuangalia? Nilikuja kujua baadaye kwamba waliwaza. Mama aliwaza, Leland aliwaza, na mji mzima uliwaza ulipopata habari. Lakini Bartlow mtu akiuliza "nani atafanya?" ameshajipa kazi. Leland ndiye ushahidi. Kwa hiyo kila mmoja alinyamaza akiamini kuna mwingine atakayebaki pembeni, na kila mmoja akaendelea kupamba pikapu yake.

Nilimkuta Bi Marlys kwenye baraza lake, anamenya njegere kwa kupapasa. Nikamweleza.

"Nitakaa wapi?" akauliza.

"Kwenye trela la baba. Tutapandisha kochi letu la sebuleni."

"Lile linalomeza watu?"

"Tutaweka mito."

"Nikiangalia wapi?"

"Mbele, Bi Marlys. Wewe ndiye kiongozi."

"Mbele kuna nini?"

Nikafikiri. "Mnara wa nafaka."

"Huo nimeuona," akasema. Njegere mbili zikamponyoka, akaziacha zibingirike. Halafu akanigeuzia uso, si moja kwa moja, bali kwa upande kidogo, kama kuku anavyokuangalia. Ndivyo alivyokuwa ameanza kuona. "Umeandika na hotuba?"

"Kurasa nne."

"Sawa, mwanangu. Itakuwa tofauti."

Nikaruka ngazi zote tatu kwa furaha.

Julai nne ikafika, jua kali, hakuna wingu. Baba alikuwa kwenye trekta, akiwa na uso wa mtu anayeburuta kochi lake mwenyewe barabarani. Juu ya kochi alikaa Bi Marlys, amevaa ukanda mwekundu niliomshonea, mrefu mno, umemzunguka mara mbili kama bandeji. Kwa usalama nilikuwa nimemfunga na mkanda wa kufungia mizigo. Nyuma ya trela alikuja Leland juu ya farasi wake, Otto. Nyuma ya Otto nilikuja mimi na tarumbeta. Hapo ndipo mahali pangu toka nikiwa na miaka saba, na kama ungeona viatu vyangu usingehitaji maelezo. Nyuma yangu, mji wote. Mwisho kabisa, kwa sababu ndiye mwenye chombo cha polepole kuliko vyote, Mzee Clarence juu ya mashine yake ya kukatia nyasi.

Tukafika mbele ya benki.

Kiti kilikuwepo. Mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba alikitoa, lakini kilikuwepo, namba 17, kimefunguliwa, hakina mtu. Mikono ilikuwa imeshaingia kwenye ndoo. Leland akarusha kwanza, kwa mazoea. Peremende zikagonga chuma: ta, ta, ta. Waliomfuata wakarusha pia, maana aliyewatangulia amerusha. Nikageuka nikamwona mama anapunga mkono. Anakipungia kiti.

Hakuna aliyesema tairi la nani linavuja. Hakuna aliyemsema Otto. Kulikuwa kimya, na katika kimya kile nikasikia tarumbeta langu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Simshauri mtu yeyote alisikilize.

Mbele, juu ya kochi, Bi Marlys alijaribu kugeuka atuone. Niliona bega moja likipanda, kisha kofia ya Emil. Lakini kochi lilikuwa limemmeza, na mkanda niliufunga vizuri sana. Akarudi akaangalia mnara wa nafaka, kama nilivyompangia.

Ndivyo gwaride lake la mwisho la kuona lilivyopita, lote nyuma ya kisogo chake.

Tulizunguka mnara, tukarudi, tukaingia kwenye ukumbi wa zimamoto kula. Kwa kawaida hapo watu wanapiga kelele: nani alisifiwa, nani alichambwa. Safari hii vilisikika vijiko na sahani tu. Soseji, saladi ya viazi, jeli ya kijani. Bi Marlys alifunguliwa mkanda, akapewa kiti cha mbele, lakini hakukaa. Alipita meza kwa meza, anamwegemea kila mtu karibu, anamwangalia kwa ule upande wa jicho, anamgusa bega. Nikadhani anatushukuru. Nikaanza kujisikia vizuri tena, Mungu anisamehe.

Alipofika meza ya mwisho akasimama wima.

"Clarence yuko wapi?"

Watu wakaangaliana.

"Alikuwa nyuma yetu," akasema mke wa Leland.

"Nyuma yenu kwa wapi? Nyuma yenu tulikuwa sisi," akasema mwingine.

Ikaonekana kila mtu anajua nani alikuwa mbele yake, na hakuna aliyejua nani alikuwa nyuma. Miaka yote hatukuhitaji kujua. Baba na Leland wakatoka mbio, mimi nyuma yao, bado nimeshika soseji.

Tulimkuta nyuma ya mnara wa nafaka. Mashine ilikuwa imeteleza ikaingia mtaroni wakati wa kugeuka, na yeye alikuwa bado ameikalia, imeinama upande, kofia imepotea, pua imebabuka kwa jua, nyekundu kama nyanya. Hakuwa ameumia. Alikuwa amemaliza ndoo nzima ya peremende zake, na karatasi amezipanga vizuri kwenye goti.

"Mmeshakula?" akauliza.

"Bado," akasema Leland, haradali ikiwa kwenye masharubu.

Tulimrudisha ukumbini, akapewa maji, akanywa, akaangalia watu wote.

"Dakika hamsini," akasema. "Nimekaa pale dakika hamsini nikijiambia, Marlys ataona sijapita mara ya pili, atapiga kelele. Marlys alikuwa wapi?"

"Juu ya kochi," akasema Bi Marlys.

"Juu ya kochi unafanya nini? Nani mwenye akili hiyo?"

"Wewe uliunga mkono," akasema mama.

"Mimi nilikuwa nimelala. Nani mwingine?"

Macho yote yakaingia kwenye saladi ya viazi. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia. Watu wa kwetu wana adabu kiasi hicho, na nilitamani siku hiyo wangekuwa watu wa mji mwingine, wangenirushia kitu nimalize. Soseji ilikuwa bado mkononi. Nikasimama nayo.

"Ni mimi," nikasema. "Bi Marlys, hukutuona."

"Sikuwaona," akasema, bila ukali. "Mlikuwaje?"

Nikamwangalia mama, mama akamwangalia Leland. Watu sitini walikuwa mle ndani na hakuna aliyeweza kumjibu. Mimi nilichokiona ni Otto kwa nyuma. Leland alichokiona ni kochi.

"Tupite tena," nikasema.

Leland akaangalia nje. Alikuwa ameshamvua Otto tandiko. "Sasa hivi? Na jua hili, watu wameshashiba? Itakuwa..."

"Ukisema tofauti nakumwagia jeli," akasema mama.

Kwa hiyo saa saba mchana, jua la utosi, gwaride la Bartlow lilipita kwa mara ya pili. Kochi lilibaki ukumbini. Bi Marlys alikaa kwenye namba 17 baada ya kukikung'uta. Peremende hazikuwepo tena, tukaokota zile zilizokizunguka kiti, tukagawana, tukampiga nazo upya. Mzee Clarence alikataa katakata kuwa wa mwisho. Alipita wa kwanza, mji mzima ukimfuata kwa mwendo wa mashine ya kukatia nyasi, ikatuchukua nusu saa kumaliza mitaa miwili.

"Clarence, pua yako inaongoza vizuri."

"Leland, futa haradali."

Nilipofika mbele yake alijisogeza, akauinamisha uso mpaka akanipata.

"Pavlik mdogo. Ulikuwa unalia. Piga kwa nguvu, mwanangu, vibaya zaidi haiwezi kuwa."

Nikapiga. Alikosea. Ilikuwa vibaya zaidi.

Mwalimu wa uraia alinipa alama nzuri, kwa sababu niliandika yote haya na yeye akadhani nimetunga.

Mwaka uliofuata katikati ya macho yake kulikuwa kumeshakwenda, kama daktari alivyosema. Alikaa peke yake na kutubahatisha kwa kusikiliza tu. Akamsifu Leland kwa trekta jipya, kumbe ni baba kwenye trekta lilelile la zamani. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwaka huu nina miaka kumi na saba, namaliza shule. Mwezi wa Juni niliiambia kamati kwamba sitapiga tarumbeta. Niliwaomba wasisikitike. Walikubali haraka mpaka nikaumia. Mzee Clarence aliamka makusudi ili aunge mkono.

Julai nne nikatoa viti viwili, namba 17 na namba 9, nikavipanga mbele ya benki. Bi Marlys akavaa kofia ya Emil. Mwavuli nikaushika mimi.

"Haya, sema," akaniambia walipoanza kutokea.

Nikakohoa kidogo, nikaanza kama mtangazaji. "Msafara unakaribia, umepambwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na..."

"Pavlik. Rangi nazijua. Niambie nani kanenepa."

"Leland."

"Kiasi gani?"

"Otto anatembea kwa mawazo."

Akacheka mpaka kofia ikamfunika. "Leland, mhurumie mnyama," akapaza sauti, na Leland akainua kofia yake, amefurahi kabisa.

Otto alikuwa anatujia usoni, na nikaona kwamba ana doa jeupe kwenye paji, kama yai lililopasuliwa. Miaka kumi nimemfuata farasi huyu. Ningeweza kukuchorea mkia wake nikiwa nimefumba macho. Sikujua kama ana doa.

"Umeona nini?" akauliza Bi Marlys.

"Uso wa Otto."

"Endelea."

Nikaendelea. Nikamwambia kwamba baba anawasalimia watu kwa kidole kimoja juu ya usukani, hata leo, hata sisi. Kwamba mama anaimba peke yake akiendesha, na akijua unamwona ananyamaza. Kwamba yule mtoto wa ndoo ya kukamulia sasa anatembea kwa miguu yake, analamba bendera. Peremende ikanipata kwenye jicho, nikaeleza na hilo. Bi Marlys alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na vidole vyake vilikuwa vinagusa goti kimoja baada ya kingine, midomo inacheza, kama mtu anayekumbuka wimbo.

Walikwenda mpaka mnara, wakazunguka, wakarudi. Barabara ikabaki tupu.

"Clarence bado," akasema.

"Anakuja. Ndiyo kwanza anatokea nyuma ya mnara."

"Yuko juu ya mashine?"

"Yuko juu ya mashine. Anatusonya."

Alipotupita, kidole chake cha mwisho kikashuka gotini. "Hamsini na nane," akasema. "Na sisi wawili, sitini."

"Kibao kinasema sitini na nne."

"Kibao hakina macho." Akavua kofia, akajipepea nayo. "Wewe uliwahi kuniuliza swali, kwenye ngazi ya basi."

"Miaka kumi iliyopita. Ukanifukuza."

"Nilikuwa na watoto tisa wa kushusha. Ungejibiwa wewe, wangeuliza wote." Akanigeuzia uso kwa upande, akinitafuta. "Nahesabu, Pavlik. Dereva haondoi basi kabla hajahesabu vichwa, na ukiwa ndani ya msafara hesabu haiwezekani, unaona mgongo mmoja tu. Sasa sogeza hicho kichwa chako, kimeniziba upande ninaoonea."